Nani Mlukuzi Hapa?

Nchi hii sitaitaja jina, na si kwa woga, la hasha, ni kwa heshima tu. Sheria yake inataka jina la taifa litamkwe na mtu aliyesimama wima, amefunga kamba za viatu, nami nasimulia nimeketi, tena peku. Yatosha kusema ni nchi ya makabila tisa, na makabila hayo yanapendana kiasi kwamba imebidi iundwe wizara ya kuhakikisha hayaachi kupendana.

Wizara hiyo inaitwa Wizara ya Ujumuishi, Mshikamano na Mambo Yanayofanana na Hayo. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Kalumbeta, ni mtu mwenye moyo mpana na tumbo lisilokubali kuachwa nyuma. Siku aliyoapishwa alitangaza kwamba kila shule ya msingi jijini lazima iwe na watoto wa makabila yote tisa, pasipo kubaguliwa hata mmoja, na wakaguzi watapita kuhakikisha. Shule itakayokutwa na pengo, mwalimu mkuu wake atahamishiwa mpakani. Watu walishangilia sana. Watu wa mpakani ndio walishangilia kuliko wote, maana hawakuwa wamewahi kuahidiwa mwalimu.

Namna ya kukagua aliibuni Profesa mwenyewe. Wakaguzi hawakutaka maneno mengi, walitaka sinia. Siku ya ukaguzi pilau hupakuliwa kwenye sinia kubwa, watoto tisa wa makabila tisa huketi kulizunguka, kila mmoja humega tonge moja na kulitafuna huku akitazama kamera, na hapo ujumuishi huhesabiwa kuwa umefanyika. Kisha sinia hupelekwa ofisini, ambako wakaguzi huendelea kuuchunguza umoja wa kitaifa mpaka waufikie ukoko.

Amri ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa Walukuzi.

Wandevule, kabila lenye watu wengi kuliko yote, walijaa jijini. Ukirusha jiwe sokoni linampata Mndevule, na akigeuka kulalamika anamlalamikia shemeji yake. Walukuzi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Hao ni watu wa ziwa la magadi, mbali kaskazini, na wachache waliokuwa jijini walikuja baada ya ziwa lao kukodishwa kwa mwekezaji kwa manufaa ya wote, yaani yeye na ndugu zake. Wanaume wao waliuza magadi sokoni, wanawake walisuka nywele, na hakuna aliyewauliza habari zao mpaka siku walipohitajika kwenye sinia.

Walukuzi wana desturi moja iliyowaponza. Kule ziwani asubuhi hushuka ukungu mzito hata mtu haoni mkono wake mwenyewe, na tope la kando ya ziwa humeza mtu mzima. Kwa hiyo aliyepotea huita, "Nani Mlukuzi hapa?" Na kila Mlukuzi anayesikia ni lazima aitike, hata kama ana tonge mdomoni, hata kama amemnunia huyo anayeita: "Nipo mimi, na walionitangulia!" Aliyepotea huifuata sauti hiyo mpaka kwenye ardhi ngumu. Kunyamaza ni sawa na kuua. Mtoto wa Kilukuzi hufundishwa kuitika kabla hajafundishwa kutembea, na mtu akiwa mzima mdomo wake huitika wenyewe, haumwombi ruhusa.

Wizara ilifanya utafiti ikaigundua desturi hiyo. Wataalamu waliandika kwamba ni urithi adhimu wa taifa, na kwamba unafanya kazi vizuri zaidi kwa kipaza sauti.

*

Mama Luzile alikuwa msusi. Kazi yake aliifanyia kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, mtaa wa Bomba Kavu. Mumewe alikuwa amerudi kaskazini kuangalia kama ziwa limeachiwa, na tangu hapo halikuonekana ziwa wala yeye. Mama huyu alikuwa na haja moja tu duniani: binti yake Luzile asome. Yeye mwenyewe hakujua a wala be. Kutwa alisuka vichwa vya watu waliosoma, akavipima kwa mikono yake, na hakuona hata kimoja kilichokuwa kizito kuliko cha mwanawe. Alikuwa amekwisha mpeleka shule mbili, na kote alijibiwa kwamba darasa limejaa, aje mwakani.

Basi siku moja, akiwa amekibana kichwa cha mteja katikati ya magoti, kitana mdomoni, pikapu iliingia mtaani ikinguruma.

"Nani Mlukuzi hapa? Narudia. Nani Mlukuzi hapa?"

Kitana kilianguka. "Nipo mimi, na walionitangulia!" Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa, mteja akashika masikio.

Pikapu ilifunga breki hata kuku wakaruka. Akashuka Mwalimu Tundwe, mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Mshikamano, amevaa suti na tai, jasho linamtiririka, macho yamemjaa machozi ya furaha.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mama Luzile.

"Marahaba, marahaba, mama yangu, ingawa leo ilifaa nikuamkie mimi! Niambie, una mtoto wa kwenda shule?"

"Ninaye, mwalimu. Nilimleta kwako mwezi jana. Ukaniambia darasa limejaa."

Mwalimu Tundwe alijishika kifua. "Ndiwe? Sasa mbona hukusema kama wewe ni Mlukuzi? Mimi nilidhani ni mtu tu!"

Mama Luzile hakujua kama ametukanwa au amesifiwa. Lakini mwalimu mkuu amekuja mwenyewe, na gari, kumtafutia mwanawe shule. Nani angechagua maneno? Usiku ule alimsuka Luzile Kilukuzi, mistari yote ikielekea upande wa kushoto, kila ncha na shanga nyeupe, kama alivyosukwa yeye na mama yake, ili mtu akikiona kisogo cha mtoto ukungu unapopungua ajue ni wa kwao. Alimwimbia, akamkumbatia, na akalia kidogo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyebisha hodi mpaka vidole vikaota sugu, mara mlango ukafunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

*

Shuleni Luzile alipokewa kwa ngoma. Alikuta ametengewa kiti chake, kimevikwa kitambaa chekundu cha mahameli, na juu ya mahameli pametandikwa nailoni ili kisichafuke. Kiti hicho hakikuwa darasani. Kilikuwa ofisini, karibu na makombe. Wakaguzi walipofika, Luzile alikalishwa, akapigwa picha, akapelekwa kwenye sinia, akamega tonge, akatafuna. Watoto wenzake wanane walimtazama kwa wivu, kwa sababu yeye ndiye aliyeambiwa amege upande wenye nyama.

Ukaguzi ulipokwisha alitaka kwenda darasani na wenzake.

"Ngoja kwanza," alisema Mwalimu Tundwe. "Kule kuna vumbi."

Kesho yake alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Wao walikuwa na makabila manane na ukaguzi ulikuwa mlangoni. Sasa jirani ni jirani. Shule za jiji lile tangu zamani zimezoea kuazimana masufuria na kengele, na hakuna aliyeona ajabu kuazimana Mlukuzi. Luzile alipelekwa, akala tonge, akarudishwa. Keshokutwa ikaja shule ya tatu. Haukupita muda ikapangwa zamu, na pikapu ikawekwa sanduku lenye masweta ya shule zote, bluu, kijani, zambarau, ya kahawia yenye mstari wa njano, ili mtoto abadilishe humo humo njiani. Kila shule ikapata kabila la tisa. Takwimu za Wizara zikaonyesha kwamba Walukuzi jijini wameongezeka ghafla, na Mheshimiwa Waziri akawapongeza kwa kuzaana kizalendo.

Mama Luzile hakujua hayo yote. Alichojua ni kwamba mwanawe anafuatwa kwa gari kila asubuhi, na jioni anarudi ananukia pilau. Majirani walianza kumwamkia. Muuza duka aliacha kumwita "wewe magadi" akaanza kumwita "mama mwanafunzi." Alipomuuliza Luzile, "Leo mmesoma nini?" mtoto alijibu, "Leo nilivaa la kijani," na mama akadhani ndiyo masomo ya siku hizi.

Mwaka ukapita, na wa pili ukaingia.

Siku moja alikuja mteja anayetaka kusukwa rasta za rangi fulani, akaleta pakiti mbili, na miwani ameisahau nyumbani. Mama Luzile alijivuna. "Usihangaike, shoga, nina msomi ndani. Luzile! Hebu njoo utusomee hii."

Luzile aliishika pakiti kwa mikono miwili, akasimama wima, akakohoa kidogo. "Mheshimiwa mgeni rasmi," alianza, "wageni waalikwa, walimu, wazazi, mabibi na mabwana..."

Mteja alicheka mpaka akakaa chini. Mama Luzile hakucheka. Alimpa mtoto kipande cha mkaa, akamwambia aandike jina lake sakafuni. Luzile alichora sinia. Alichora vizuri, na watoto tisa kulizunguka, na yeye mwenyewe akajichorea shanga. Kisha akamtazama mama yake, akasema polepole, "Mama, mimi wenzangu siwajui hata majina. Kila siku ni wengine."

Hapo Mama Luzile alihisi hasira ambayo hakuwa nayo hata siku walipofukuzwa ziwani.

*

"Mwalimu," alisema kesho yake ofisini kwa Mwalimu Tundwe, bila kukaa, "mwanangu hajui kusoma."

"Mama yangu, keti kwanza. Si hapo! Hicho ni cha mahameli. Mwanao ndiye mtoto aliyejumuishwa kuliko wote katika nchi hii. Juzi tu amejumuishwa mara mbili kabla ya saa nne."

"Nataka awekwe darasani. Akae na wenziwe, apewe daftari, akikosea aonywe kama wengine. Hayo tu."

Mwalimu Tundwe alisimama, akafunga kifungo cha koti, kwa sababu katika nchi ile mtu hawezi kutoa kauli ya kisera akiwa wazi tumboni. "Mama, unaelewa unachokiomba? Tumkalishe na wengine, avae kama wengine, aandike kama wengine, mwisho wa yote achanganyike. Akishachanganyika, wakaguzi watamwonaje? Tutakuwa tumempoteza! Sisi hapa tunapinga kwa nguvu zote kuwapoteza wachache. Mtoto huyu kwetu ni mgeni wa heshima."

"Mwalimu, hata nyinyi mna msemo wenu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanangu amekuwa mgeni mwaka wa pili sasa. Mpeni jembe!"

"Msemo mzuri sana huo," alisema Mwalimu Tundwe akiwa amefurahi kweli. "Tutauandika ukutani."

Na wakauandika, kwa rangi ya mafuta. Luzile alipigwa picha chini yake.

Mama Luzile alikwenda Wizarani. Pale mlangoni aliambiwa kwamba malalamiko ya Walukuzi yanapokelewa na Afisa wa Walukuzi, na kwamba nafasi hiyo iko wazi kwa kukosekana Mlukuzi mwenye elimu. Akauliza mwenye elimu atatoka wapi. Wakamwambia hilo ni swali zuri, aliulize kwa Afisa wa Walukuzi.

Alirudi kwa miguu, jua la utosi, akiongea peke yake njia nzima. Ameomba kwa heshima, ameomba kwa hasira, na kote anajibiwa kwa tabasamu. Mtu anayekukatalia unaweza kumshika shati. Anayekukumbatia huku anakukatalia umshike wapi?

*

Tumaini lilibaki kwa Waziri mwenyewe. Sikukuu ya Sinia, sherehe ya Wizara ya kila mwaka, ilikuwa inakaribia, na mwaka ule Mheshimiwa Profesa Kalumbeta angeiadhimishia Shule ya Msingi Mshikamano. Mama Luzile alivaa kanga zake mpya, akawahi kiti cha mbele kwenye turubai, akangoja.

Mheshimiwa alihutubia kwa muda mrefu. Alisema ubaguzi ni ugonjwa, na yeye ndiye daktari. Alisema katika serikali yake hakuna mtoto anayeachwa nyuma, kwa kuwa wote wamepangwa mbele, kwenye jukwaa. Kisha, akiwa amenogewa na makofi, alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alimwita Luzile, akamkabidhi karatasi ya hotuba yake mwenyewe.

"Mwanangu, wasomee wananchi. Wasikie matunda ya ujumuishi!"

Mwalimu Tundwe alipauka, akawa rangi ya unga. Mama Luzile naye alisimama bila kujijua. Sasa, aliwaza, sasa wataona wenyewe.

Luzile aliitazama karatasi. Akakohoa. Akaanza, na sauti yake ikatoka nzito, ya kuvuta: "Ndugu wananchi, ubaguzi ni ugonjwa..." Hotuba ile alikuwa ameisikia kila shule, kila ufunguzi, kila ukaguzi, miaka miwili mfululizo. Aliitoa yote. Alinyanyua kidole pale Mheshimiwa anaponyanyua. Alisimama katikati ya sentensi, akasema, "Nileteeni maji," akanywa maji yasiyokuwapo, akaendelea. Alipofika kwenye daktari, alijipapasa tumbo.

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Profesa Kalumbeta alitoa leso akafuta machozi.

"Mheshimiwa!" Mama Luzile alipiga kelele. "Hajui kusoma huyo! Tazama karatasi, kaishika miguu juu!"

Mheshimiwa akainama, akachungulia. Ilikuwa kweli: karatasi ilikuwa imepinduliwa, muhuri wa taifa uko chini kabisa. Alinyooka polepole, akaushika mkono wa Luzile, akauinua juu.

"Ndugu wananchi! Karatasi iliyo wima kila mtu anaisoma. Mtoto wetu huyu anasoma hata iliyopinduliwa!"

Walipiga makofi mpaka turubai likatikisika. Bendi ikapiga. Waandishi walimpiga picha Mama Luzile mdomo wazi, na kesho yake gazeti likaandika chini ya picha hiyo kwamba ni mama aliyezidiwa na furaha.

Wakati shangwe ikiendelea, Mheshimiwa alitangaza kwamba kipaji kama hiki hakiwezi kuachiwa jiji moja. Mwezi ujao Luzile angeanza ziara ya nchi nzima, angelala kwenye nyumba ya wageni ya Wizara, na angejumuishwa wilaya kwa wilaya mpaka mwisho wa mpango wa maendeleo.

"Na mimi mama yake?" Mama Luzile alimuuliza afisa mmoja, akimshika mkono wa shati.

"Usijali, mama. Na wewe tutakuazima, ikibidi."

*

Jirani yake, Mama Kudura, alikuwa Mndevule, mwanamke mnene mwenye kusema analoliona. Alimkuta Mama Luzile amekaa kibarazani, mikono imelala mapajani kama si yake.

"Shoga, unalia nini? Wanamtaka kwa sababu ni mmoja. Mfanye awe wengi."

"Kivipi?"

"Mwandikishe Mndevule. Chukua jina la kwetu lolote, sisi tumejaa, nani atatuhesabu? Kule ng'ambo ya reli kuna shule watoto wanakaa wanabanana kama dagaa. Wakaguzi wakifika wanataka mtoto mmoja tu wa Kindevule, na huyo hawakosi. Hakuna atakayemtazama mwanao tena maisha yake yote."

Mama Luzile alimgeukia. "Na wakiita?"

Mama Kudura aliijua desturi. Nani mtaani hakuwa amesikia ile sauti ya ng'ambo ya ziwa? Alikaa chini, akamshika goti. "Wakiita, mtanyamaza."

"Kwetu kunyamaza ni kuua, Mama Kudura."

"Haya. Na huku kuitika kumekupa nini?"

Swali hilo lilimwuma kwa sababu lilikuwa la haki, na aliyeuliza alimpenda.

Asubuhi alimkalisha Luzile katikati ya magoti yake, akamfumua. Shanga alizitia kwenye kopo la mafuta ya nywele, moja baada ya nyingine. Kisha akachukua wembe, akamnyoa upara kama wanavyonyolewa watoto wote wa shule ambao hakuna anayewapiga picha. Vidole vyake vilivyojua kusuka tu vilikosea mahali pawili, mtoto akatoka damu kidogo.

"Sasa unaitwa Sihaba," alimwambia.

"Na wewe, mama, utaitwa nani?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Jina la mama hufuata la mtoto. "Mama Sihaba," alisema, na lilimkaa mdomoni kama jino la mtu mwingine.

Kabla kipaza sauti cha Wizara hakijafika mtaani, walikuwa wamekwisha hamia ng'ambo ya reli. Shuleni walipokewa na Mwalimu Dorkasi, mwanamke mchovu mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, ambaye hakuinua hata macho.

"Jina?"

"Sihaba."

"Kabila?"

"Mndevule," alisema mama yake.

"Haya, ingia. Kaa pale chini, msukume mwenzio. Wewe dirishani, funga mdomo! Mnaandika nini hapo? Nasema irabu!"

Hakuna ngoma iliyopigwa, wala mahameli, wala pilau. Luzile alikaa sakafuni katikati ya watoto wasiohesabika, akapigwa kiwiko, naye akarudisha. Mama yake alisimama nje ya dirisha akiutazama ule upara mdogo ukipotea katikati ya mapara mengine, na hakujua ashukuru au aomboleze. Alifanya yote mawili.

*

Alihamishia kigoda chake cha ususi kando ya ukuta wa shule, ili awe anasikia. Kutwa alisikia: a, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Jioni Luzile aliandika kwa kijiti mchangani, na siku alipoandika neno zima la kwanza, mama yake aliwakataza watu kulikanyaga. Jirani mpya alipotaka kupita na ndoo ya maji aliambiwa azunguke.

Redioni Wizara ilitangaza kupotea kwa mali ya taifa. Ziara iliahirishwa, pikapu zikaongezwa, mitaa ikagawanywa.

Zilifika ng'ambo ya reli asubuhi moja, masomo yakiendelea. Mama Sihaba alikuwa ameshika kichwa cha mteja. Alizisikia kwa mbali, na hapo hapo akazichomoa pindo za kanga akazisokomeza mdomoni, akauma.

"Nani Mlukuzi hapa?"

Mate, machozi na lile jibu vilimjia kwa pamoja, vikagonga kanga, vikarudi. Aliwaona wale "walionitangulia" wa jibu lile, mama yake, mama wa mama yake, wote kando ya ziwa, wametega sikio.

"Vipi, dada?" aliuliza mteja. "Unaniumiza."

Pikapu iliingia mpaka ndani ya uwanja wa shule. Mkaguzi alikielekeza kipaza sauti kwenye dirisha la darasa, karibu kabisa.

"Nani Mlukuzi hapa?"

Darasa lilikuwa kimya. Mama alihesabu pumzi zake. Huko ndani kulikuwa na mdomo mdogo aliouzoesha yeye mwenyewe, tangu ukiwa hauna meno, kuitika bila kufikiri.

"Watoto," ilisikika sauti ya Mwalimu Dorkasi, "mnaulizwa. Yupo Mlukuzi humu?"

"Hakunaaa!"

Walijibu wote kwa pamoja, kama watoto wanavyojibu. Ila mama anaijua sauti ya mwanawe hata kwenye soko la Jumamosi, na aliisikia humo ndani, wazi, iko juu kuliko zote.

Mkaguzi aliandika kwenye kibao chake cha karatasi huku dereva akigeuza gari. Taarifa yenyewe ilikuja kusomwa redioni baadaye, kwa sauti ya furaha: kwamba Walukuzi wamejumuishwa kikamilifu, hata hawaonekani tena. Mheshimiwa alitunukiwa nishani. Makabila yakawa manane, na wakaguzi waliafiki kwamba sinia sasa lina nafasi zaidi.

Pikapu ilipotoka, Mwalimu Dorkasi aligonga ubao kwa fimbo. "Haya, wametupotezea muda. Nani anasoma mstari wa mwisho? Wewe, Sihaba. Simama."

Mama Sihaba aliitoa kanga mdomoni.

Kisha ikaja sauti, si ile nzito ya kuvuta, bali nyembamba, inajikwaa, inarudi nyuma, inajaribu tena, sauti ya mtu anayesoma kwa mara ya kwanza jambo ambalo hakulisikia kwa mtu.

"Mi... mi. Mimi. Ni... po. Mimi nipo."

"Vizuri. Kaa."

Nje ya ukuta, msusi aliinama juu ya kichwa cha mteja wake, mdomo karibu na nywele.

"Na waliokutangulia," alisema polepole.

"Umesemaje, Mama Sihaba?"

"Nimesema geuza shingo," alijibu, akaendelea kusuka.